Kupika pale ale ya hopsi nyingi nyumbani kwa boksi la resipi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya majibu ni ya watu walioko Marekani, Uingereza, Kanada na kwingine ambako maboksi ya kupikia bia yanauzwa kama kawaida, lakini nimegusa pia walioko nyumbani Afrika Mashariki maana nao wanauliza sana. Pale ale ni bia ya rangi ya dhahabu yenye uchungu na harufu ya maua yanayoitwa hopsi. Naongelea boksi la lita 19, yani galoni 5 za Kimarekani, lile la kimea kilichokwishatengenezwa na sio la kuanza na nafaka nzima.

Ndani ya boksi kuna nini hasa?

Kimea kizito kama asali (mara nyingi kilo 2.7 hivi), pengine na kimea cha unga kama nusu kilo, kifuko cha nafaka za kimea zilizokaangwa kidogo ambazo ndo zinaleta rangi na utamu wa karameli, pakiti za hopsi zilizoshindiliwa kuwa vidonge vya kijani, hamira ya bia gramu 11 hivi, na sukari ya kuwekea gesi mwishoni. Af kuna karatasi ya maelekezo. Karatasi isome yote kabla hujawasha jiko, ila usiiamini kwenye kalenda, nitaeleza huko mbele kwa nini.

Vifaa unanunua kando: sufuria kubwa (lita 20 ukipata), ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko, kile kidude cha kutolea mapovu, mpira wa kuhamishia bia, haidromita (kipimo cha uzito wa bia, kinachoonyesha sukari iliyomo), themomita, na mashine ya kubana vizibo.

Hopsi ni nini na kwa nini hii bia inatiwa nyingi hivyo?

Ni maua ya mmea unaopanda juu ya kamba, yana uchungu na harufu. Mtu wa Kilimanjaro ataelewa haraka: kwenye mbege uchungu unaletwa na magome ya msesewe, huku kazi hiyo inafanywa na hopsi, tofauti ni kwamba hopsi zinaleta na harufu ya machungwa, embe, msonobari, inategemea na aina.

Aina iliyoanzisha mambo inaitwa Cascade, ilitolewa na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani kule Oregon mwaka 1972, ina harufu ya balungi. Halafu jamaa mmoja wa Chico, California, Ken Grossman, aliyekuwa na duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani, akaanzisha na mwenzake kampuni ya Sierra Nevada, na pale ale yao ya Cascade ikaanza kupikwa 1980. Maboksi mengi ya leo yanafuata njia ile, hata yakitumia aina nyingine za hopsi kama Centennial, Amarillo, Citra au Mosaic. Hopsi nyingi za Marekani zinalimwa bonde la Yakima, jimbo la Washington. Ukitaka kuzipanda Arusha au Mbeya ujue zinapenda mchana mrefu sana wa kiangazi na sisi karibu na ikweta mchana ni uleule mwaka mzima, kwa hiyo usiweke matumaini.

Hivi ni halali?

Marekani ndiyo. Rais Jimmy Carter alisaini sheria Oktoba 1978, ikaanza kazi 1979: mtu mzima mmoja anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka bila kodi, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Majimbo yana sheria zake juu ya hapo, Alabama na Mississippi walikuwa wa mwisho kukubali, 2013. Uingereza leseni ya kupika bia ya nyumbani iliondolewa 1963. Kote huko KUUZA ni habari nyingine kabisa, usimuuzie hata jirani, na kukeneka pombe kali nyumbani Marekani ni kosa hata kama ni kikombe.

Kenya sheria ya vileo ya 2010 inamtaka mtengenezaji awe na leseni, kwa hiyo ulizia kabla. Na we uliyeko Saudia au Kuwait, acha kabisa, haina mjadala.

Mama yangu anasema nitapofuka. Kweli?

Hili linaulizwa kuliko yote na naelewa, tumesikia habari za gongo na chang'aa miaka yote. Wanaopofuka wamekunywa methanoli, na kiasi cha hatari mara nyingi kinatokana na mtu kuchanganya spiriti ya viwandani kwenye pombe. Bia ya shayiri haikenekwi, inachachuka tu, methanoli yake ni kidogo mno sawa na ya bia ya dukani. Na vijidudu vya kuleta magonjwa haviishi kwenye bia iliyokamilika, kuna kilevi, kuna asidi, kuna hopsi na hamna hewa. Bia ikiharibika itakuwa chachu au itanuka, utaimwaga, basi. Hatari halisi kwenye hii kazi ni mbili, kuungua na maji ya moto na chupa kupasuka. Mwambie mama hivyo.

Usafi wa kiwango gani?

Gawanya mara mbili. Kabla ya kuchemsha, usafi wa kawaida wa jikoni unatosha maana moto utaua kila kitu. Baada ya kuzima jiko, KILA kinachogusa bia lazima kiwe kimesafishwa halafu kikapita kwenye sanitaiza, ndoo, mfuniko, mpira, kijiko, mkasi wa kukatia pakiti ya hamira, mikono yako. Wengi tunatumia Star San, mililita 30 kwa lita 19 za maji, inatoa povu jingi na povu hilo huna haja ya kulisuuza, liache. Sabuni ya vyombo usitumie kama sanitaiza, haiui kitu na inabakiza mafuta na harufu. Ndoo ikiwa na mikwaruzo ndani nunua nyingine, mikwaruzo ndo vijidudu vinapojificha.

Maji ya bomba yanafaa?

Kama unayanywa bila kukunja uso, yanafaa, tatizo ni klorini. Ikikutana na kimea na hamira inaleta harufu ya plasta ya kidonda na hiyo haitoki hata uiache miezi. Kidonge cha Campden, cha kuondoa klorini, kimoja kinatosha lita 75 hivi, kwa hiyo robo kidonge kwa lita 19 zako, ponda, koroga, tayari. Au tumia maji ya kununua. Kimea cha boksi kimeshabeba madini yake kutoka kiwandani, usijisumbue na mambo ya kuongeza chumvi mara ya kwanza.

Siku ya kupika inakuwaje?

Tenga masaa manne. Pasha maji lita 10 hadi 12 (au zote kama sufuria inaruhusu) yafike nyuzi 65 hadi 70, tumbukiza kifuko cha nafaka dakika 20 hadi 30 kama unavyoloweka majani ya chai, kitoe kichuruzike chenyewe, usikikamue. Usiache maji yachemke nafaka zikiwa ndani, zitaleta ukakasi.

Sasa ZIMA MOTO ndo umimine kimea. Kimea kinazama chini na kama moto unawaka kinaungua hapohapo, bia nzima inapata ladha ya moshi na kibaya zaidi una kazi ya kukwangua sufuria. Koroga mpaka kiyeyuke chote. Mi nashauri tia nusu tu mwanzoni, nusu nyingine dakika 15 za mwisho, karatasi nyingi hazikwambii lakini ukichemsha kimea chote kwenye maji machache saa nzima bia inakuwa nyekundu badala ya dhahabu.

Washa tena. Itakapoanza kuchemka litapanda povu kwa kasi ya ajabu, usiende kujibu simu, simama hapo na kijiko na uwe tayari kupunguza moto. Likishatulia unaanza kuhesabu dakika 60 na hopsi za kwanza zinaingia.

Kwa nini hopsi zinatiwa kwa awamu?

Kwa sababu moto unafanya mambo mawili yanayopingana. Uchungu hautoki mpaka zichemke muda mrefu, na harufu inapaa na mvuke kadiri zinavyochemka. Kwa hiyo za dakika 60 ni za uchungu tu, harufu yake yote imekwenda jikoni kwa jirani, za dakika 15 na 10 zinaleta ladha, na za kuzimia moto ni za harufu. Ukisoma "dakika 10" ina maana zikibaki dakika 10 kumaliza, sio dakika 10 baada ya kuanza, watu wanachanganya hapa kila siku.

Ukiwa Nairobi au Denver maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100, uchungu unaotoka unapungua kidogo, ongeza hopsi za mwanzo kidogo ama ongeza muda. Dar na Mombasa hamna shida hiyo, nyie shida yenu ni nyingine, tutafika.

Zinazobaki weka friza, zimefungwa bila hewa. Hopsi zilizokaa wazi kabatini zinanuka jibini.

Kuna kidonge kimeandikwa Whirlfloc, ni dawa?

Ni mwani. Tia dakika 10 za mwisho, unakusanya protini zizame ili bia ing'ae. Ndani yake kuna karajinani, kitu hichohicho ambacho mwani wa kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, unasafirishwa nje kwenda kutolewa.

Napozaje sufuria nzima?

Haraka iwezekanavyo, sinki lenye maji na barafu, unabadilisha maji yakipata moto, au ule mrija wa shaba unaozungushwa na kupitishwa maji ya bomba. Lengo ni kushuka chini ya nyuzi 20. Kama ulipika lita 12, mimina kwenye ndoo, ongeza maji baridi safi mpaka lita 19. Halafu tikisa ndoo kwa nguvu dakika kadhaa, hamira inahitaji hewa mwanzoni. Huu ni wakati PEKEE ambao hewa inatakiwa, shika hilo.

Naweza kutumia hamira ya mkate?

Itachachua, ni ndugu wa damu. Ila haizami vizuri, bia inabaki na tope na ladha ya unga wa mandazi. Hamira ya boksi, mara nyingi SafAle US-05 au inayofanana nayo, ni safi, haileti ladha yake sana, inaziachia hopsi nafasi. Tumia hiyo, nyunyiza juu, funga.

Joto gani?

Hapa ndo bia nyingi zinaharibikia na mtu anaenda kulaumu boksi. Nyuzi 18 hadi 20 za BIA, sio za chumba. Hamira ikishachangamka inatoa joto lake yenyewe, ndoo inaweza kuwa juu ya chumba kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo chumba cha 22 ina maana bia iko 25 na zaidi. Ikipanda hivyo siku mbili tatu za mwanzo unapata pombe inayochoma koo na ladha ya ndizi au ya rangi ya kucha, na kichwa cha asubuhi. Siku za mwanzo ndo za kulinda, baada ya hapo ikipanda kidogo hamna neno, hata inasaidia kumalizia.

Njia ya bei rahisi: beseni kubwa lenye maji, ndoo inakaa ndani, ivalishe fulana iliyolowa, na chupa za maji zilizogandishwa unabadilisha asubuhi na jioni. Inafanya kazi vizuri kuliko inavyoonekana.

Sasa watu wa Dar, Mombasa, Miami na Houston wakati wa joto: kuna hamira ya mashambani Norway inaitwa kveik, hiyo inapenda nyuzi 30 hadi 40 na inamaliza siku chache. Ile ya Voss inaleta kaharufu ka chungwa na kwenye pale ale kanakaa vizuri tu. Badilisha pakiti ya boksi kwa hiyo badala ya kupigana na hali ya hewa.

Masaa 24 yamepita hamna mapovu. Nimeua hamira?

Subiri masaa 72. Mara nyingi mfuniko haujabana na gesi inapitia pembeni, kidude kimekaa kimya lakini ndani kazi inaendelea. Ukiona povu au mstari wa uchafu kwenye kuta za ndoo, kumeshaanza. Usifungue fungue kila saa. Na kinyume chake, kama povu limepanda mpaka linatokea kwenye kidude, chomoa, weka mpira mnene unaoishia kwenye chupa ya sanitaiza, maana ikiziba mfuniko unaruka na dari itahitaji rangi.

Haidromita naisomaje?

Pima kabla ya hamira, boksi la pale ale liko kati ya 1.050 na 1.055. Pima mwisho, itakuwa karibu 1.010 hadi 1.014. Toa, zidisha kwa 131: 1.052 kutoa 1.012 ni 0.040, mara 131 ni asilimia 5.2 ya kilevi.

Kama namba ya mwanzo imekuja ya ajabu, 1.038 au 1.070, na umetia kimea chote na maji yamefika lita 19, usiongeze kitu! Maji uliyoongezea hayajachanganyika tu, mazito yako chini na mepesi juu. Kimea cha boksi kina sukari inayojulikana, namba ya kwenye karatasi ndo ya kweli.

Karatasi inasema siku 7 halafu chupa. Sawa?

Sio sawa. Kalenda haijui joto la nyumba yako. Acha wiki mbili, pima, subiri siku tatu, pima tena, namba zikifanana ndo imekwisha. Na ile habari ya kuhamishia kwenye chombo cha pili katikati, ruka, kwa pale ale unaipa hewa bure.

Hopsi za baridi, yani zinazotiwa bila kuchemshwa, nazitia lini?

Mapovu yakishatulia, kama siku ya 8 hadi 10, tupa vidonge moja kwa moja kwenye ndoo, funga haraka. Gramu 30 ni harufu ya adabu, 60 hadi 90 ndo utasema hii bia ina hopsi. Siku 3 hadi 5 zinatosha, ukizidisha sana inaanza kuonja majani. Hazihitaji sanitaiza.

Kitu kimoja wachache wanakijua: hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ambazo hamira ilishindwa, kwa hiyo baada ya kuzitia uchachukaji unaweza kuamka tena kidogo. Ndo maana vipimo viwili vinafanywa BAADA ya hopsi za baridi na sio kabla, vinginevyo unafungia kwenye chupa bia ambayo bado inafanya kazi.

Chupa ngapi, sukari kiasi gani, na zitapasuka?

Kama chupa 48 za mililita 355, au 36 hivi za nusu lita. Ziwe za kahawia na za kizibo cha kubandua kwa opena, sio za kuzungusha. Za kijani na za uangavu mwanga unapita, hopsi zikipigwa na jua bia inanuka kicheche na haichukui muda.

Sukari ya mezani gramu 110 hadi 120 kwa lita 19, chemsha na maji kikombe kimoja, mimina kwenye ndoo safi, halafu hamisha bia juu yake kwa mpira taratibu, mdomo wa mpira uwe chini ya bia isirushe mapovu. Kale kafuko ka boksi mara nyingi ni gramu 140 za sukari ya mahindi, isiyo na nguvu kama ya mezani, na kamekusudiwa lita 19 kamili, ukibaki na lita 16 baada ya tope usitie kote, pima. Usigawe kwa kijiko chupa moja moja, moja itakuwa maji na nyingine bomu.

Zinapasuka kwa sababu tatu tu: bia haijaisha kuchachuka, sukari imezidi, au uchafu umeingia. Weka kwenye boksi lenye mfuniko, sio sebuleni kwa watoto. Wiki mbili hadi tatu kwenye nyuzi 20 na kitu, halafu friji siku mbili, ndo ufungue.

Mwezi wa pili imekuwa kahawia na inaonja kadibodi, kulikoni?

Hewa. Bia ya hopsi nyingi haina adui kama huyo. Ulirusha mapovu wakati wa kuhamisha, au ulifungua ndoo mara nyingi kuchungulia, au uliacha nafasi kubwa shingoni mwa chupa. Hakuna dawa. Hii bia inanywewa changa, harufu inaanza kukimbia baada ya wiki chache, kwa hiyo mtu anayekwambia ameitunza ya mwaka jana kwa ajili ya harusi mpe pole.

Na ladha ya siagi? Ya tufaa bichi?

Zote mbili hamira haijamaliza usafi wake, uliharakisha. Kama bado iko kwenye ndoo, ipandishe nyuzi 21 hadi 22 siku tatu nne, zitaondoka nyingi. Ikiwa imeshaingia kwenye chupa, ziache joto la chumba wiki nyingine na uombe.

Nina mbwa, kuna la kuangalia?

Ndiyo tena sana. Hopsi ni sumu kwa mbwa, mbichi au zilizopikwa, zinapandisha joto la mwili mpaka anakufa. Makapi usimwage uani wala kwenye ndoo ya taka iliyo wazi. Akila, daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usisubiri aonyeshe dalili.

Naweza kuongeza embe, ukwaju, tangawizi?

Boksi la kwanza pika kama lilivyo, ili ujue bia yenyewe inaonjaje. La pili fanya unavyotaka. Matunda yanaingia uchachukaji ukitulia, na yana sukari, kwa hiyo usubiri upya na upime upya kabla ya chupa. Tangawizi mbichi anza na gramu 30 zilizosagwa dakika 5 za mwisho za kuchemsha, ukizidisha itafunika hopsi zote ulizozilipia.